Kofia Nyekundu ya Dada Mkubwa

Mtaani wanamwita Mama Pirika, na hata wajukuu zake wamesahau kwamba alizaliwa na jina jingine. Mwanamke huyu hakai kitako. Ukimkaribisha kiti atakaa ukingoni, mkoba mapajani, na kabla hujamaliza kumjulia hali ameshasimama kukunyooshea pazia. Miaka yake yote ya kazi alikuwa tarishi katika ofisi za serikali, akipandisha na kushusha mafaili ghorofa kwa ghorofa. Siku alipostaafu wakamuaga kwa hotuba na zawadi, na zawadi yenyewe, jamani, ilikuwa kiti cha kupumzikia! Kila alipokitazama aliona kama anatukanwa. Hakikumaliza wiki nyumbani kwake, akakibeba na kukipeleka kwa dada yake.

Kustaafu kulimtesa. Alipiga deki asubuhi, akapiga tena adhuhuri, akahamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule kisha akalirudisha. Majirani walianza kujifungia wakisikia kandambili zake. Kilichomwokoa, na kuwaokoa na wao, ni Chama cha Kofia.

Usidhani ni chama cha maana sana. Ni wanawake waliokwisha lea, wengine wajane, wengine wamechoka na waume zao, ambao mara moja kwa mwezi huvaa kofia na kutoka. Basi. Leo wako makumbusho, mwezi ujao wako stesheni wanatazama treni, mwezi mwingine wamekaa kwenye hoteli kubwa wanakunywa chai taratibu na kuwasengenya wanaopita. Walikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza, kofia haivuliwi tangu mlangoni kwako mpaka urudi mlangoni kwako. Ya pili, kila mtu aje na miguu yake na akili zake, maana hakuna aliyekuja kuwa yaya wa mwenzake. Mwenyekiti wao, mwalimu mkuu mstaafu mwenye sauti ya paredi, alipotaka kujua kama watu wametimia hakuhesabu watu. Alisimama mbele ndani ya basi dogo la kukodi, akanyoosha kidole na kuhesabu kofia.

Sasa hiyo sheria ya pili ndiyo iliyomkosesha Mama Pirika usingizi. Dada yake mkubwa, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa, alikuwa ameanza kusahau. Siku moja alivaa viatu vyeupe, akachukua mkoba na kuwahi zamu hospitali aliyoiacha zamani. Siku nyingine alimwita binti yake kwa jina la marehemu mama yao. Nyumbani alikaa kwenye kile kiti cha tarishi, akitazama ukuta mpaka ukuta wenyewe ungeona haya. Lakini mvishe kofia, mpandishe basi pamoja na wenzake! Alicheka, alitania, alimuuliza dereva kama mama yake hakumfundisha kupiga breki. Kwa saa chache alirudi kuwa yeye.

Binti yake hakutaka hata kusikia habari za matembezi. Alikuwa mtoto mzuri, mfanyakazi wa benki, ila woga ulikuwa umemjaa mpaka kooni. Mama Pirika alimbembeleza, akamwapia, akasema atamchunga dada yake kama mboni ya jicho. Mwishowe binti akakubali shingo upande.

"Lakini akipotea hata siku moja, mama mdogo," alisema, "hatoki tena mlango huu."

Ndipo Mama Pirika akanunua kofia nyekundu. Nyekundu ya kupiga kelele, pana, yenye utepe wa manjano, ambayo hata mwenye mtoto wa jicho angeiona akiwa ng'ambo ya barabara. Wanachama wakaisifu wakidhani ni mapambo. Hawakujua kwamba mwenzao anatembea jicho moja kwenye maonyesho na jicho jingine kwenye ule wekundu. Miezi ikapita namna hiyo bila mtu kushtuka.

Kisha wakaenda kwenye ile bustani kubwa ya mjini, yenye bwawa katikati na nyumba ya vioo ya kuoteshea maua. Upepo ulikuwa mkali na wanawake wote walitembea mkono mmoja kichwani. Dada mkubwa alichoka mapema. Mama Pirika akamkalisha kwenye benchi la chuma nyuma ya nyumba ya vioo, karibu na bomba la maji, akamwambia akae hapohapo asiondoke mpaka amrudie. Alikusudia kukaa naye, kweli kabisa. Lakini mayowe yalisikika kutoka bwawani, na miguu yake ikawa imeshaondoka kabla yeye hajaamua.

Upepo ulikuwa umeinyakua kofia ya mshona mapazia, mwanachama mpole kuliko wote, na kuitupa majini. Wenzake walikuwa wanacheka mbavu hawana. Mama Pirika akatafuta fito, akabishana na mlinzi, akavua viatu, akaingia majini mpaka magotini. Alipoivuta ile kofia ikitiririka maji, mwenye kofia hakuwapo tena. Kila mtu alisema labda amekimbia kwa aibu. Wakati huohuo Mwenyekiti akapiga filimbi ya kuondoka, na Mama Pirika, akiwa anapangusa miguu, akaiona kofia nyekundu ikienda zake taratibu kuelekea getini. Akashusha pumzi. Dada ameinuka mwenyewe, akajisemea, afadhali leo ana akili zake.

Ndani ya basi, kofia nyekundu ilikuwa kiti cha mbele kabisa, imeelekea dirishani. Mama Pirika alibaki nyuma, akaitundika ile kofia iliyolowa juu ya mgongo wa kiti kitupu ili ikauke. Mwenyekiti akasimama, akanyoosha kidole, akapitisha juu ya kofia zote mpaka ile ya nyuma. Zimetimia, akasema, na basi likaondoka.

Mwingine angesinzia. Mama Pirika hakuweza. Hawakuwa wamefika mbali akaona afadhali ampelekee dada yake maji. Akayumba kati ya viti mpaka mbele, akamgusa bega. Aliyegeuka chini ya kofia nyekundu alikuwa mshona mapazia, macho yamevimba kwa kulia.

Chupa ikamponyoka Mama Pirika. Mshona mapazia akaanza kujieleza, kwamba dada ndiye aliyemvisha, kwamba alisema atakuja nyuma na mdogo wake, lakini nani alikuwa anasikiliza? Dereva aliambiwa ageuze, na kabla basi halijasimama vizuri getini, Mama Pirika alikuwa ameshashuka na kuanza kukimbia.

Alikimbilia chooni. Alikimbilia bwawani, akatazama majini, akayaondoa macho haraka. Alimuuliza mlinzi kama amemwona mama mmoja mwenye kofia nyekundu, na mlinzi akamjibu kwamba kofia nyekundu imeondoka na basi. Hilo alilijua. Ila ulimi ulikuwa umezoea, na macho yalikuwa yamezoea zaidi ya ulimi. Aliona ua jekundu akashtuka, akaona ndoo nyekundu ya mtunza bustani akaigeukia. Benchi hakulifikiria, maana kichwani mwake dada alishaondoka pale; ile picha ya kofia ikienda getini ilikuwa bado haijamtoka. Akaizunguka nyumba ya vioo mbio, akaizunguka tena, akiwapita watu bila kuwatazama. Jasho lilimtoka. Masikioni alimsikia mpwa wake akisema hatoki tena mlango huu.

Mara ya tatu pumzi zilimkatikia karibu na bomba la maji. Akainama, mikono magotini. Mbele yake alikaa bibi mmoja mwenye mvi fupi, mikono imepakatwa, gauni la kawaida kama la mama yeyote. Alikuwa ameshampita huyu bibi. Akainua uso.

"Umenipita mara mbili," dada yake alisema. "Nikaona una haraka, nikasema nisikusumbue."

Mama Pirika akauliza, "Kwa nini hukuniita, Dada?"

"Uliniambia nikae."

Hakuwa amepotea hata kidogo. Alikuwa palepale alipowekwa. Akaeleza habari ya kofia bila kukosea neno: mshonaji alipita pale analia, amejifunika kichwa kwa mikono, nywele zimemnyonyoka mabaka mabaka, nao wale wenzake wanacheka bila kujua. Wodini, alisema, mwanamke akiaibika unamfunika kwanza, maswali baadaye. Mama Pirika akalia pale bombani, analia na kunawa, ananawa na kulia. Alimwonea aibu dada yake na akajionea uchungu yeye mwenyewe. Miezi yote ile alidhani anamchunga mtu, kumbe alikuwa anachunga kofia.

Njiani kurudi alijua kwamba angeweza kunyamaza. Dada mwenyewe angekuwa amesahau kufikia jioni, na kofia ilikuwa imesharudi kichwani pake. Hakuna ambaye angejua. Lakini binti alipofungua mlango na kuuliza kama kila kitu kimekwenda salama, Mama Pirika alimweleza yote akiwa amesimama, mkoba mkononi, bila kujisafisha.

Binti akamvua mama yake kofia, akaitundika msumarini.

"Mama ataendelea kwenda," alisema. "Hakufanya kosa. Wewe ndiye sijui nikuruhusu vipi, mama mdogo."

Chamani nako ilibidi mambo yasemwe. Mwenyekiti, aliyehesabu kofia iliyolowa akaiita mtu, hakuwa na mdomo wa kumfukuza yeyote. Sheria ya pili ikafa kimyakimya, na siku hizi kabla basi halijaondoka anapita kiti kwa kiti, anamtazama kila mmoja usoni na kumsalimu. Inachukua muda. Wanamtania kwamba amekuwa mgombea ubunge.

Mwezi uliofuata walikwenda stesheni kutazama treni. Upande wa pili wa jukwaa kulitokea kishindo, watu wakakimbia, mtu akacheka, filimbi ikalia. Goti la Mama Pirika likaanza kucheza. Alikuwa benchini ubavuni mwa dada yake tangu walipofika, na mwili mzima ulikuwa unamwasha kwa kutaka kujua kuna nini. Alijishika. Akahesabu mabehewa, akafunga na kufungua mkoba, akajishika tena. Dada alikuwa anatazama reli kwa utulivu, utepe wa manjano unapepea. Kisha akamgeukia kwa adabu, kama unavyomgeukia mtu mliyekutana naye safarini.

"Na wewe, mama, unamngoja nani?"

Mama Pirika alimtafuta machoni. Hakumwona mtu anayemjua.

"Namngoja dada yangu," akajibu.

"Alikuambia ukae?"

"Aliniambia."

"Basi kaa. Mimi namngoja mdogo wangu. Hana utulivu yule, lakini hurudi."

Mama Pirika akaushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akakaa.