Asubuhi Ruti ya Juu Ilipoandikwa Marehemu

Asubuhi ile nilikuwa nimeshapeleka maziwa deiri ya ushirika wetu, hapa Subukia, nikakaa kwenye benchi nikingoja mtungi wangu uoshwe. Mke wa kijana wangu alikuwa ofisini. Yeye ndiye karani wa kompyuta.

Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo. Mkutano wa ushirika ulikuwa umeamua wanachama waliokufa watiwe alama ya marehemu kwenye kompyuta, ndio wajane na watoto waandikwe mahali pao. Waliokufa wengi ni wa ruti ya juu, njia inayoleta maziwa kutoka upande wa juu, kwa maana hao ndio walikuwa wa kwanza kugawiwa shamba la mzungu na wa kwanza kuleta maziwa. Sasa ile kompyuta hailazimishi ufungue mtu mmoja mmoja. Unachagua watu wengi, unawabadilisha wote mara moja. Akachagua ruti ya juu. Ukurasa wa kwanza ukatokea, umepangwa kwa namba za uanachama, na namba za zamani ni za wazee wa zamani. Wote walishazikwa, hata chai ya matanga yao tulikunywa. Akaona ni wao. Kurasa zilizofuata, zenye walio hai, hakufungua. Akabonyeza.

Kompyuta ikaandika ruti nzima marehemu. Na vile ilivyotengenezwa, ikatuma meseji kwa kila simu: mwanachama huyu amefariki, familia ilete barua ya chifu.

Mtu akisoma kifo chake na kikombe cha chai bado kiko mkononi, huwezi kumwambia ni mashine. Na kuna jambo lingine. Ruti ya juu ni watu wa kabila moja, sisi wa chini ni kabila lingine, na karani ni wetu. Ile miaka ya kuchomana nilikuwa naishi Rongai. Milango ilitiwa alama asubuhi, jioni ikawa majivu. Kila mtu mzima wa bonde hili anajua maana ya kuandikwa wewe pamoja na majirani zako wote.

Walikuja na rungu na panga, wengine bado wamevaa gambuti zenye mavi ya ng'ombe. Soja wetu wa ulinzi alijaribu kufunga geti, wakampiga rungu la sikio akaanguka kwenye mitungi, maziwa yakamwagika yakawa mekundu chini yake. Meneja aliruka ua wa nyuma, kiatu kimoja kikabaki kwenye seng'enge.

"Yuko wapi huyo mwanamke ametuua?"

"Atoke atuonyeshe makaburi yetu!"

"Leteni petroli, atangulie yeye atuandalie mahali!"

Niliingia ofisini mbio, na magoti yangu haya. Nilimkuta amesimama nyuma ya meza, uso umekuwa kijivu.

"Mama, nimeua ruti nzima."

"Basi wafufue!"

"Naweza. Lakini nikibonyeza wote, hata waliozikwa watafufuka, kwa hivyo safari hii lazima nitazame kila jina. Nikimwacha hata mmoja akiwa marehemu, huyo ndiye ataniua."

Akakaa, akashika kipanya. Mimi nikatoka nikasimama mlangoni.

Kabla ya kompyuta, mimi ndiye nilikuwa napima maziwa getini, na majina ya watu wale sijayasahau, wao na baba zao. Nikaanza kuwaita. Kwetu hapa shosho, nyanya wa umri wangu, akikuita kwa jina lako na la babako, huwezi kunyamaza, hata uwe umeshika nini.

"Naam, shosho," mmoja akaitika, rungu likiwa juu.

"Umekufa?"

"Sijakufa."

"Basi teremsha hiyo."

Mwenzake akamcheka. "Wewe unaitika kama mtoto wa nasari!"

Nikamgeukia huyo, nikamtaja jina, nikamtaja na babake. Akaitika pia. Nikaendelea hivyo, na kila aliyeitika alisimama, na aliye nyuma yake akamgonga mgongoni.

"Shosho, toka hapo! Hatuna maneno na wewe!"

"Mimi ninayo."

Jiwe likatoka nyuma ya watu likanipata mdomoni. Nilitema jino pamoja na damu, nikaita jina lingine, lakini halikutoka vizuri. Hapo ndipo nikasikia kioo cha dirisha kikivunjika.

Nilipogeuka, kijana mmoja alikuwa ameshaingia na panga. Nilipiga kelele, "Bonyeza!"

"Bado kidogo, mama."

Kijana akakata. Mkono wa kulia wa karani ulikuwa juu ya meza. Panga lilipita kwenye vidole likakwama kwenye mbao, na wakati kijana anavuta kuling'oa, yeye alisogeza kipanya kwa mkono wa kushoto, macho hayajatoka kwenye skrini. Alifika mwisho wa majina. Akabonyeza.

Panga lilikuwa limeshainuliwa tena simu zilipoanza kulia uani, zote pamoja. Mwanamume aliyeingia dirishani nyuma ya kijana, simu mkononi, akamshika kiwiko. "Boss, wacha. Wacha! Tumerudi." Nje, yule aliyeshika chupa ya petroli alisoma kwa sauti: "Rekodi yako imerekebishwa. Hai."

Tulivifunga vidole kwa kitambaa cha kuchujia maziwa, tukampeleka Nakuru kwa pikapu. Daktari alisema haviwezi kurudi. Polisi waliponiuliza ni nani aliyekata, nilitaja jina la yule kijana na la babake. Bado yuko rumande.

Mke wa kijana wangu alirudi kazini. Watu wengi walimwambia asirudi, na mimi mmoja wao. Sasa hagusi rekodi ya mtu mpaka mwenyewe aione. Anageuza skrini ielekee dirishani, na watu wa ruti ya juu wanapanga foleni.

Juzi alikuja mama wa yule kijana wa panga. Alitaka kubadilisha namba ya simu. Skrini ikageuzwa.

"Soma, mama. Ni wewe?"

Yule mama hakutazama skrini. Alikuwa anatazama mkono wa karani.

"Ni mimi," akasema.

"Soma kwanza."

Akasogea karibu, akasoma polepole, kwa sauti, jina lake lote mpaka mwisho.