Nyimbo za Babu Kwenye Karatasi za Karanga

Siku nilipochana kitabu cha nyimbo cha babu ili nifungie karanga, mwanangu, nilijiona mwenye akili kuliko Rubondo nzima, mtaa wetu wa kambi ya wakimbizi hapa Uganda. (Ndiyo, nakuita mwanangu. Bado niko sekondari, lakini ujinga wangu umeshazeeka.)

Nyimbo zile babu alizitunga mwenyewe, akaziandika kwa mkono kule Kivu ya Kusini, Kongo. Mama alikimbia vita na kitabu hicho kifuani, na ndicho pekee alichobaki nacho cha baba yake. Mchwa walipoanza kukionja, akaniambia nikipige picha kwa simu yake, ukurasa kwa ukurasa. Nikapiga. Kisha nikawaza: kama kimeingia kwenye simu, makaratasi ya nini tena? Nami nilikuwa nauza karanga shuleni na mtaani.

Wiki hiyohiyo nikachomoa kadi ya kumbukumbu kwenye simu ya mama, nikaenda Base Camp, kwenye maduka ya kambi, kuwekewa filamu. Kijana wa kibanda akasema, "Kadi imejaa. Nifute?"

"Futa, bwana!"

Jumamosi mama alifungua simu atafute wimbo mmoja wa babu wa kuimba na kwaya yake, akakuta watu wanapigana karate. Hakunigombeza. Aliketi tu. Hapo ndipo nilipoogopa, maana mama yangu hanyamazi hata akiwa anakula.

Mjomba akanipeleka Mbarara kwa fundi. "Uliweka filamu moja tu? Wewe uko na bahati," fundi akasema. "Ungejaza kadi, filamu zingekalia nafasi ya picha, mimi singepata kitu."

Akarudisha picha zote isipokuwa wimbo mmoja. Huo nikausaka kwa wateja wangu, nyumba kwa nyumba, huku wakinizomea. Papa Eliya, jirani yetu, akautoa ndani ya Biblia yake.

"Karanga zako zilikuwa na muchanga mingi," akasema, "lakini huu wimbo ni muzuri. Niliuweka."

Basi sikia, mwanangu. Ukipata nakala mpya, usiiue ya zamani. Weka moja kwenye kadi, nyingine kwa shangazi anayekaa mbali, nyingine uandike kwa mkono. Na mara kwa mara uzifungue, uone kama bado zinasomeka. Mungu akupe maisha marefu, na kumbukumbu zako zikupite umri.

Nilipomkabidhi mama ukurasa ule wenye mafuta, aliunusa, akacheka, akasema: "Nimekusamehe. Lakini utajifunza hizi nyimbo zote kwa kichwa, na utaziimba mbele ya kwaya na ile sauti yako ya mbuzi. Kichwa, hauwezi kukichana."