Mama Mdogo wa Nani?

Jeannette wa Sharpstown, mtaa wetu hapa Houston, si mtu wa maneno mengi, lakini kuna neno moja ambalo ukilitamka nyumbani kwake utatafuta viatu vyako mlangoni. Neno lenyewe ni yatima.

Krismasi moja mama wa kwaya alimpandishia ngazi mfuko wa mchele, akasema kwa sauti ya huruma, "Huu ni wa yule yatima wako." Jeannette akaupokea, akashuka nao ngazi zote, akaubwaga juu ya boneti ya gari la yule mama. "Kwangu kuna watoto wanne," akamwambia. "Wote wana mama. Mpelekee asiye naye." Kanisani wakanuniana hadi Kwaresima. Mimi nilicheka tu, maana mchele wenyewe ulikuwa chenga.

Aliyeitwa yatima ni Elvire. Aliyemzaa ni Sabine, dada mkubwa wa Jeannette, ambaye alifia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kasulu, Tanzania, mtoto akiwa bado ananyonya. Baba alikuwa ametangulia. Jeannette naye alikuwa na kichanga chake, Armel, basi akawanyonyesha wote wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Siku ya kuondoa matanga akasema mbele ya watu, "Huyu hataitwa yatima maadamu mimi napumua."

Kwa Warundi kama Jeannette hilo si la ajabu. Mdogo wake mama ni mama, yamekwisha. La ajabu ni jinsi alivyolishika neno lake. Katika nyumba ile hujawahi kusikia mtu akisema "mama mdogo." Elvire alijua, maana watoto wa kambini humwambia mwenzao kila kitu, hasa kinachouma. Lakini yeye na Jeannette hawakuwahi kuliongea. Lilikaa kati yao kama jiko linalowaka, kila mtu akilipita pembeni.

Mwaka 2019 likaunguza.

Elvire alipata nafasi ya kusomea uuguzi chuo kikuu, hapahapa Houston. Nafasi alipata, lakini wa kumlipia hakuwepo. Jeannette anafua na kukunja mashuka kwenye dobi la hoteli, mimi nikiwa meza ya pili, na najua tunacholipwa. Basi mwalimu mmoja akamwonyesha msichana mfuko wa hisani kule Euless, karibu na Dallas, unaosomesha vijana waliofiwa na wazazi wote wawili. Elvire akaomba kimyakimya. Akaandika ukweli. Nyumbani hakusema kitu.

Watu wa mfuko wakapiga simu kuhakikisha. Wakaweka na mkalimani kwenye laini, na Jeannette akapokea akiwa anasonga ugali.

"Wewe ni mama yake Elvire?"

"Ndiyo."

"Mama yake mzazi?"

"Kwani ulitaka nimzae mara ngapi ndiyo uamini?"

Wakamshukuru, wakakata. Kesho yake wakamwandikia msichana kwamba maelezo yake hayaaminiki. Aje Jumamosi na huyo mama, wajieleze ana kwa ana. Asipokuja, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Elvire akasimama jikoni analia. "Mama, umeniharibia."

"Nimekuharibia nini?"

Akaeleza. Jeannette akasikiliza hadi mwisho, mwiko mkononi, kisha akauliza swali moja tu: "Uliwaambia mimi nimekufa?"

Jioni ile Jeannette akanigongea. "Mwatumu, Jumamosi gari lako lina kazi?"

"Wapi?"

"Euless."

"Kumwua mtu?"

Hakucheka. Nikajua mambo yamekuwa mazito.

Tulishika barabara ya kaskazini kabla jua halijachomoza. Elvire nyuma, Jeannette mbele, na mimi katikati ya kimya chao kama mahindi kwenye mawe ya kusagia. Nikawasha redio, Jeannette akaizima. Nikawapa maandazi, hakuna aliyegusa. Tuliposimama Buffalo, mji mdogo wa njiani, kujaza mafuta, msichana akaenda chooni, nami nikaona hapa ndipo.

"Jeannette, ni neno moja tu. Sema wewe ni mama mdogo. Litoke, mtoto asome, turudi."

"Mama mdogo wa nani? Nani alikuwa mkubwa, mimi nikiamka usiku na homa zake?"

"Hakuna anayekunyang'anya."

"Neno likitoka mdomoni kwangu, Mwatumu, na yeye amekaa pale anasikia, nitalirudishaje?"

Nikarudisha bomba la mafuta mahali pake. Elvire akarudi, tukaondoka.

Ofisi yao ilikuwa nyuma ya kanisa, karibu sana na uwanja wa ndege. Ndege zilipita chini hadi vikombe vikatetemeka mezani, na kila ikipita watu walinyamaza wakisubiri. Mwenyekiti alikuwa bibi wa Kimarekani mwenye mvi. Pembeni yake alikaa Kwamboka, nesi Mkenya anayejitolea pale, ndiye wa kutafsiri.

Bibi akauliza taratibu, Kwamboka akatafsiri: "Mama, huyu msichana ni nani kwako?"

"Mwanangu."

"Umemzaa wewe?"

"Ni mwanangu."

"Kuna mtu mwingine aliyemzaa?"

"Waulizeni majirani, mimi nimeshajibu."

Elvire aliinamisha kichwa. Bibi akasema maneno machache, akafunga faili, akaweka kalamu juu yake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Ndege ikapita. Tukasubiri. Ilipokwisha, Kwamboka hakutafsiri. Akasogeza kiti.

"Mama, haki nakuomba. Huyu bibi si mbaya. Lakini karatasi inasema mama alikufa, na mama amekaa hapa. Kwa hivyo wanaandika kwamba msichana ni mwongo."

Jeannette akainua uso. "Wanamwandika nani?"

"Elvire."

"Mwanangu mwongo?"

"Ndivyo itakavyobaki kwa faili."

Ninamjua yule mwanamke. Nimemwona akinyamazia msimamizi anayemfokea, akinyamazia watu wanaomcheka Kiingereza chake. Lakini mguse mtoto. Alisimama, kiti kikaanguka, na nikadhani sasa tutatolewa nje kama paka.

"Elvire, toka nje."

"Sitoki, Mama."

"Nimesema toka."

"Sitoki."

Basi Jeannette akaenda nyuma ya kiti cha msichana, akamziba masikio kwa viganja vyake viwili, mtu mzima wa miaka kumi na minane, kama unavyomziba mtoto ngurumo zikipiga. Akamkandamiza kichwa tumboni kwake. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, akimtazama yule bibi usoni na si Kwamboka:

"Aliyemzaa ni dada yangu Sabine. Amelala Mtabila. Baba yake yuko pembeni yake. Mtoto hajadanganya hata neno. Kama kuna aliyedanganya ni mimi, na nitadanganya tena kesho."

Kwamboka akaanza kutafsiri, akakwama, akanywa maji, akaanza tena. Aliongeza na yake, maana nilisikia "mama" na "mama" mara nyingi. Baadaye aliniambia alikuwa anamweleza bibi kwamba kwetu dada wa mama hana jina jingine ila mama, mkubwa au mdogo, na kwamba kwenye simu Jeannette alijibu alichoulizwa.

Bibi akasubiri ndege ipite. Kisha akafungua faili. Akaandika, akasaini, akaligeuza ili Kwamboka asome.

"Wamempa," Kwamboka akasema. "Miaka yote ya chuo."

Jeannette hakuondoa mikono. Ilibidi nimguse bega. "We, mwachie mtoto apumue."

Kurudi, walikaa wote wawili nyuma, nikawa dereva wa mabosi. Nilitegemea nderemo, lakini Jeannette alitazama dirishani, vidole vimefungamana, na hakuthubutu kugeuka. Chuo kimepatikana, alichokuwa anasubiri ni kingine. Tulipita Dallas, tukapita Corsicana. Mwishowe akauliza huku bado anatazama nje.

"Ulisikia?"

Niliwaona kwenye kioo. Elvire alichukua mkono wake, akaunusa.

"Mikono yako ilikuwa masikioni mwangu, Mama. Ningesikia nini? Inanuka sabuni ya hoteli tu."

Jeannette akavuta pumzi, akajipangusa pua kwa kitenge.

"Mwatumu," akasema, "yale maandazi yako wapi?"