Siti, Mkoba Mmoja na Mbuzi ya Nazi

"Kinu kinabaki," Nassibu alisema, "na mchi wake unabaki, na hiyo mbuzi yako ya kukunia nazi inabaki. Mkoba mmoja, Siti. Unaoubeba kwa mkono wako mwenyewe."

Siti akamjibu kwamba yeye ameolewa na mtu, hakuolewa na stesheni, na mtu mwenye akili zake hampeleki mkewe kwa mzazi mikono mitupu kama mwizi aliyekurupushwa. Nassibu akasema hakutaja mikono mitupu, ametaja mkoba mmoja. Siti akasema kinu nacho ni kimoja.

Muda wote huo Sofia, dada yake Nassibu, alikuwa kwenye mkeka pale ukumbini, kibegi chake kidogo kakipakata, anatabasamu peke yake. Tangu ugomvi huu uanze kibegi hakijagusa sakafu. Akila kiko mapajani, akienda kuoga anacho. Wengine walisema hata usingizini vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwenye mpini, na mimi niliyepanga chumba cha pili kutoka chake siwezi kuwakanusha.

Nyumba ilikuwa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na neno lenyewe lilikuwa hili. Binti wa Siti na Nassibu, Mwanaidi, alijifungua mtoto wake wa kwanza huko Tabora, mumewe alikokuwa akifanya kazi ya reli. Nassibu alikuwa hamali wa stesheni, akapata tiketi ya kwenda na kurudi. Tiketi moja, mawifi wawili. Mwenye kuipata ndiye atakayempakata mjukuu huyo kabla ya mtu mwingine yeyote wa Mtaa wa Sikukuu, na jambo hilo hata ungemwahidi Siti jumba la ghorofa asingekuachia. Nassibu akakata shauri: Siti aende, lakini kwa mkoba mmoja. Ukizidi, tiketi ni ya Sofia.

Msimlaumu Nassibu. Mtu anabeba masanduku ya watu kutwa, mpaka shingo imezama mabegani, wenzake kwenye kahawa wanamwita Kobe. Alikuwa akisema, "Mizigo ya watu naibeba kwa ujira, ya mke wangu naibeba kwa lawama." Na mizigo ya Siti haikuwa ya mchezo. Mwaka mmoja alikwenda harusini Bagamoyo, akapakia vitu vyake nyuma ya lori, na lori likainua magurudumu ya mbele kama farasi. Abiria walisafiri wanatazama mbingu. Dereva alijua amefika alipoona vichwa vya minazi ya Bagamoyo.

Siti aliuza nazi sokoni Kariakoo. Alikuwa mweupe wa meno, mweusi wa ngozi, na mcheshi hata wakati wa kukutapeli. Ukimwambia nazi hii mbovu, anaigonga kwa kidole, anaitegea sikio, halafu anakuambia, "Imesema inakujua, ulikopa juzi." Watu wanacheka, wananunua. Mbuzi yake ya kukunia, ile ya kukunja, yenye ulimi wa chuma wenye meno, aliirithi kwa mama yake. Hakulala pasipo nayo. Na huko Tabora, alisema, wana asali na karanga, lakini mtoto wa watu wa pwani atakandwa kwa nini? Lazima mafuta ya nazi, na nazi ikunwe na bibi yake, kwa mbuzi ya bibi yake.

Basi gari la moshi la kwanza lilituacha tukifunga kinu. La pili likatuacha tukikifungua. La tatu lilipopiga honi Siti alikuwa anajaribu kuingiza mbuzi kwenye mkoba, na mkoba ukapasuka tako. Huko Tabora kitovu cha mtoto kikadondoka, arobaini ikaja ikapita, nywele zikanyolewa, na sisi Mtaa wa Sikukuu bado tunapima mkoba.

Asubuhi moja Siti akaniita chumbani kwake, akarudisha mlango. Akasema, "Shoga, Nassibu kasema mkoba. Mwili hakuutaja."

Tukaikunja mbuzi, tukaizungushia gunia ule ulimi usije ukamla, nikamfunga nayo tumboni. Nazi mbili huku, mbili kule. Juu yake doti ya kanga, juu ya doti doti nyingine, tukaendelea mpaka sanduku likabaki tupu na mimi jasho linanitiririka. Mwisho akajitupia buibui. Akatoka ukumbini na kimkoba cha ukindu kinachoning'inia kidoleni, ndani mna udi, pilipili manga na chanuo.

Nassibu alikipekua, akakipima kwa mkono, akatazama nyuma ya mlango kama kuna kingine. Hakuna. Akasema haya, twende. Sofia tabasamu lilimkauka, akanyanyuka na kibegi chake akatangulia stesheni kwa njia yake, akisema lolote linaweza kutokea njiani.

Likatokea sokoni. Upepo ulivuma, ukaligandisha buibui mwilini, na muuza tambuu akaona tumbo la Siti. Siti, mwenye mvi. Mama yule alitema tambuu yake nzima, akapiga kigelegele. Cha pili kikatoka kwa wauza mchicha, cha tatu kwenye samaki, na nasikia cha mwisho kilisikika Buguruni, kuku wakaacha kutaga.

Winifrida, mshona magauni wa chumba cha mbele nyumbani kwetu, Mkristo wa kutoka Kilimanjaro asiyesema uongo hata kwa mgambo, alikuwepo pale ananunua vitunguu. Wakamzunguka: wewe unakaa naye, ni kweli? Winifrida akasema, "Kilichomo sikijui. Tumbo nimeliona." Soko likachukua nusu iliyolipendeza.

Tukafika kwenye kahawa. Wale wazee waliozoea kumtania Nassibu wakasimama wote. Mmoja akampa mkono wa kulia, mwingine akashika wa kushoto, na mkubwa wao akasema, "Jamani, Kobe katutagia."

Nassibu hakuelewa. Akamgeukia mkewe. Akamtazama kuanzia chini kwenda juu na kurudi. Siti akapiga hatua, na zile nazi zikacheza maji, chubwi. Nikaona Nassibu anaelewa. Nikaona mdomo wake unafunguka kulitoa lile neno mbuzi, wazee wanamtazama kwa heshima ambayo hajawahi kuipata tangu aingie mjini. Mdomo ukafunga. Na wallahi ile shingo iliyokuwa imezama miaka yote ikatoka mabegani, ndefu kama ya twiga, mpaka kofia ikagusa kibanda cha kahawa.

"Nipe huo mkoba," akamwambia Siti kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Mtu mwenye hali yako habebi."

Akautwika kichwani na kuushika kwa mikono miwili, ule mkoba wa udi na chanuo, kana kwamba kabeba chuma cha reli. Tukavuka Mnazi Mmoja hivyo, yeye mbele, Siti katikati akiyumba kama mashua, mimi nyuma nikiwasindikiza na kicheko nimekimeza.

Stesheni Sofia alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi, kibegi amekikumbatia. Gari la bara lilikuwa linaingia, abiria wanamwagika na magunia yao, moshi tele. Sofia akalitazama tumbo la wifi yake kwa muda mrefu.

"Nassibu, ndugu yangu," akasema, "hiyo mimba ina pembe."

"Wivu huo, wifi," Siti akasema.

"Kama si pembe, kaa hapa kwenye benchi, mama kijacho."

Siti akasema kijacho chake hakipendi mbao. Hapo ndipo ilipokuwa shida, maana mbuzi ikikunjwa ukaikalia vibaya inakunjuka. Sofia akamwambia Nassibu ampe tiketi, kwani mzigo ni mzigo, uwe mkononi au chini ya buibui. Nassibu akasema mimba ya mke wangu naijua mimi.

"Basi niambie ina miezi mingapi."

Nassibu akanitazama mimi. Mimi nikatazama paa la stesheni. "Ni ya," akasema, "ni ya tangu lile gari la kwanza."

"Na ikizaliwa inakuna nazi yenyewe, au," Sofia alianza, na hapo akanyamaza, kwa sababu katika ule mlango wa kutokea jukwaani, kati ya magunia ya watu, alikuwa amesimama Mwanaidi.

Hana sanduku, hana kikapu, hana hata kifurushi. Doti moja tu: kanga moja kiunoni, ya pili imembeba mtoto mgongoni. Alituona, akaja anacheka, huku anaifungua ile kanga, na mtoto akamtanguliza mbele kwa mikono miwili, achukuliwe.

Siti akanyoosha mikono yake. Tumbo likatangulia, mikono ikabaki hewani, haimfikii. Nassibu mikono yote miwili ilikuwa juu kichwani, imeshika mkoba. Sofia alivuta vidole vyake kutoka kwenye ule mpini, akavuta tena, havikukunjuka.

Mwanaidi akatutazama mmoja mmoja, mtoto anarusha miguu, mpaka macho yake yakanifikia mimi. Mimi nilikuja kusindikiza tu. Sikubeba kitu.