Vumbi la Katani

Kila nikinusa kamba mpya ya katani dukani, mikono yangu hutaka kumkumbatia mtu.

Mama alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kusafisha katani, katika kiwanda cha kijijini kwetu, chini ya milima ya Uluguru. Akirudi jioni nilimkimbilia, naye alinizuia: "Ngoja kwanza mwanangu, nijikung'ute." Aliivua kanga begani, akaikung'uta mlangoni mpaka lile vumbi jeupe likaisha, ndipo akafungua mikono.

Siku moja alirudi mchana. Kiwanda kilikuwa kimebinafsishwa. Mashine zilikuwa zinapakiwa kwenye malori, na mwenye mali mpya alitaka kujenga maghala. Mama alinikumbatia hivyohivyo, na vumbi lake. Nilifurahi sana. Nilipiga chafya, nikacheka.

"Mama, leo umesahau kujikung'uta!"

Hakuniachia.

Kesho yake hakwenda popote. Alishinda ndani. Jioni, saa ileile ya kutoka kazini, nikamwona amesimama mlangoni, anaikung'uta kanga safi. Akaikung'uta, akaikung'uta, halafu akafungua mikono.

"Haya, njoo sasa."

Nilimwendea polepole.