Mnawishaji wa Zahanati

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kuanzia Rudewa hadi Magole, kwamba chanjo ya korona ni ya kila mtu, bure, bila ubaguzi. Bibi anayewanawisha watu mlangoni pa zahanati aliyasikia hayo akiwa kazini. Mikono yake imebabuka kwa sabuni, na hammwagii mtu maji kabla hajaitikia shikamoo yake: "Marahaba. Haya, na kucha." Zamu yake ilipofika, alikuwa amekwishakunja mkono wa gauni.

"Namba ya kitambulisho cha NIDA, bibi?" akauliza nesi.

"Sina, mjukuu wangu. Wazazi walitoka Msumbiji kukata mkonge, mimi nikazaliwa hapo kambini. Hapa si raia, kule hawanijui. Kwani korona nayo inauliza namba?"

"Mfumo ndio unaouliza, bibi."

Akashusha mkono wa gauni, akashukuru. Jioni dozi zilizobaki zilirudishwa kwa gari Kilosa mjini. Dereva aliambiwa watu wamekwisha.