Mtoto Mdogo Hutoka kwa Urahisi

Harufu ya yai linalokaangwa na kitunguu bado hunikasirisha. Sisemi hunisikitisha. Huzuni ilichoka zamani ikaenda zake, hasira ndiyo iliyobaki. Jirani yangu hapa mjini Embu akiweka kikaango mekoni asubuhi, nami nashuka ngazi na mkoba begani, mara nakuwa tena mtoto wa darasa la nne. Nimechuchumaa kwenye moshi, jikoni kwa Cucu, na mama yangu ameketi karibu na mlango anakula kabakuli kake ka mboga.

Cucu ni mama wa baba, ndiye niliyerithi jina lake, Wanjira. Tuliishi kwake, juu kidogo ya Runyenjes, pale mashamba ya majani chai yanapopakana na ya kahawa. Baba alitujengea nyumba ya mbao karibu kabisa na ya mama yake, lakini jiko hakujenga. Jiko lilikuwa moja tu, la Cucu. Sufuria zilikuwa zake, kuni zake, mahindi yake, na kuku wake, ambao aliwapa majina ya wanawake wa kanisa kulingana na tabia. Alikuwepo mmoja mnene, mwenye kutembea polepole kana kwamba kuna mkutano unaomngojea, aliyeitwa Mama Mchungaji. Huyo akitaga, alitangaza hadi barabarani.

Mama aliposhika mimba baada ya miaka mingi ya kuwa na mimi peke yangu, Cucu alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha akatoa sheria. Mjamzito asile mayai. Asile parachichi. Asile nyama yenye mafuta, na ugali wa jioni uwe wa kuonja tu.

"Ukimlisha akiwa tumboni anakuwa mkubwa," alisema akigeuza kuni. "Na akiwa mkubwa atapitia wapi? Unataka ukatwe kama nguo? Mtoto mdogo hutoka kwa urahisi. Utamnenepesha akiwa nje."

Mwaka ule mparachichi wetu ulizaa mpaka matawi yakainama. Matunda yalianguka yenyewe uani, tukayaokota na kumpelekea nguruwe. Nguruwe alinenepa vizuri sana.

Siku moja mama alirudi kutoka kliniki na vidonge vya kuongeza damu ndani ya karatasi ya kaki. Cucu alivinusa, akasema vitamvimbisha mtoto kichwa, akavitupa chooni. Baba alikuwepo. Alikuwa anakula. Baba yangu ni mtu mpole, kila mtu husema hivyo, na upole wake siku ile ulikuwa wa kuchovya ugali kwenye mchuzi na kutazama sahani.

Mama akaanza kula mawe. Wanaoishi huku wanayajua, yale mawe laini ya kijivu wanayouziwa wajawazito sokoni. Alikuwa nayo kwenye mfuko wa aproni, na akichuma majani chai nilisikia kru, kru, kru nyuma yangu. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Akipanda mteremko wa kwenda kituo cha majani, alisimama kila mara akishika kiuno na kujifanya anaangalia mawingu. Mimi niliona jambo la kuchekesha, mtu mzima kula mawe. Sikujua kuwa mwili unaokosa damu hutamani hata udongo.

Lakini njaa niliijua. Mtoto haambiwi njaa ni nini. Kwa hiyo Jumamosi moja nilingoja Mama Mchungaji ashuke kwenye kiota, nikachukua yai lingali na joto, nikalitumbukiza ndani ya birika la chai ya shamba. Maji yalipochemka, yai lilichemka pia, kimyakimya. Nilibeba birika mpaka kwa mama katikati ya michai, nikamwonyesha.

Hakuniuliza nimelitoa wapi. Aliangalia upande wa nyumba, akalimenya haraka akiungua vidole, akala bila chumvi. Kisha akala pia vile vipande vyeupe vilivyoganda kwenye maganda. Maganda akayafukia.

Nilisahau kuwa kuku ana mdomo. Cucu alimsikia Mama Mchungaji akitangaza asubuhi, na jioni kiota kilikuwa kitupu. Hakunigusa mimi. Alienda kuwaita wanawake watatu wa kikundi cha kanisa waje wamshauri mama.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, wamevaa vitambaa vyao vya kichwa, wamejaa huruma. Waliketi sebuleni kwa Cucu, na mama akaketi kwenye stuli mbele yao kama mwanafunzi aliyeharibu dawati.

"Mama Wanjira, sisi tunakupenda," mmoja alianza. "Si ni kweli tunakupenda? Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Vumilia tu kidogo, mami," akasema wa pili. "Mimi wangu wote walikuwa wadogo wadogo. Nilikuwa nazaa na jioni napika."

Wageni hawakai na njaa, sote tunajua. Cucu akamtuma mama jikoni alete chai. Mama akaleta chai, na mkate, na sahani ya mayai ya kuchemsha, kwa maana Cucu alisema wageni wapewe mayai. Akawazungushia sahani huku tumbo limetangulia. Walichovya kwenye chumvi, wakala, wakaendelea kushauri. Yule wa pili alikuwa na kiini cha yai pembeni mwa mdomo alipotuambia tufumbe macho aombe. Mimi sikufumba. Nilikiangalia kile kiini mpaka Amina.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimedhulumiwa kama watu wengine, lakini sijawahi kuona dhuluma iliyojipaka mafuta vizuri kama ile. Ingekuwa kelele na matusi ningesahau. Walikuwa wapole, wanawake wale. Walimshika mabega wakati wa kuondoka.

Mama alizaa kabla ya miezi kutimia, mchana, katika hospitali. Mtoto alikuwa msichana na alitoka kwa urahisi kama walivyotaka. Alikuwa mdogo mno, hata Cucu, aliyeenda kumwona, alirudi akionyesha kwa viganja viwili na hakutabasamu. Mama alitokwa na damu nyingi, na damu yenyewe hakuwa nayo ya kupoteza. Aliongezewa chupa baada ya chupa. Mtoto aliwekwa kwenye kisanduku cha joto. Alipewa jina la nyanya mzaa mama, Muthoni. Sikumwona akiwa hai. Alikaa siku chache tu, akafa.

Sasa hapo ndipo chakula kilipokuja.

Mama alirudishwa nyumbani, na wanawake wakaja kumwona mzazi kama desturi ilivyo, kwa maana kuni zilikuwa zimeshapasuliwa na njahi zilikuwa zimeshalowekwa. Walikuja na mizigo mgongoni, wakiimba kwa sauti ya chini kwa sababu ya msiba. Njahi ni maharagwe meusi yenye mstari mweupe, na huku kwetu mzazi hupewa ili maziwa yashuke. Walileta pia uji wa wimbi, ndizi, supu ya mifupa. Cucu akamchinja Mama Mchungaji kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, mami. Kula urudishe damu." Walimlisha mpaka akatapika.

Na maziwa yakashuka, kweli. Yalishuka yakalowesha gauni. Mama aliyakamua kwenye bakuli akiuma kitambaa, na Cucu akaenda kuyamwaga chini ya mgomba. Yule aliyenyimwa alikuwa amefukiwa upande wa pili wa mgomba huohuo. Kila mtu aliyefika alisema ni kazi ya Mungu. Mimi nasema Mungu alisingiziwa.

Nilipokuwa kidato cha tatu, Cucu, ambaye alikuwa ameanza kuugua, alinieleza kuhusu binti yake wa kwanza. Alikwama na mtoto mkubwa, wakambeba kwa machela ya miti, akafia njiani kabla ya kufika barabarani. Alieleza bila kulia, akisugua goti. Hofu yake ilikuwa ya kweli basi, siikatai. Nilimpaka mafuta miguuni jioni ile na jioni nyingine nyingi. Lakini hofu hiyo ilihitaji hospitali, na hospitali tayari ilikuwepo. Haikuhitaji mama yangu alale na njaa.

Nikajituliza kwa neno moja: ujinga. Wazee hawakujua. Hata mama hakujua. Ukimkasirikia asiyejua, hasira yako inakosa pa kukaa, na mimi nilikuwa nimechoka kukasirika.

Mwaka jana nami nilikuwa mjamzito, na wazazi wangu wakaja kunitembelea. Cucu alikuwa ameshafariki. Baba alikaa kwenye kiti kizuri, akamwambia mume wangu, "Huyu umlishe. Mayai, matunda, kila kitu. Siku zetu hatukujua mambo haya."

Mama alikuwa akikunja nepi mezani. Hakuinua kichwa.

"Mimi nilijua," alisema.

"Ati?"

"Nesi alinieleza yote, vile nitakula na vile vidonge ni vya nini. Nikakwambia wewe kabla ya mtu mwingine, tukiwa kitandani. Ukasema tusimuudhi mama."

Mume wangu akainuka kwenda kuangalia geti. Mama akachukua nepi nyingine, akailainisha kwa kiganja, akaikunja mara mbili.

Kwa hiyo alijua. Alijua alipokuwa anatafuna mawe, alijua alipowazungushia wageni ile sahani, na mtoto akimpiga mateke ndani alijua anachoombwa. Hakukosa mtu wa kumshauri. Alikuwa na washauri nyumba nzima, na mtu mmoja tu ambaye angeweza kusema, "Mama, mke wangu atakula," akaona heri amani.

Wewe unayenisoma, kama una mke mjamzito nyumbani kwa mama yako, usije kuniambia baadaye kwamba hamkujua. Muulize leo. Yeye anajua.